Je, Kusomea Utengenezaji wa Gemu Chuoni Kuna Manufaa?



Ndugu wasomaji, kila yanapotoka matokeo ya kidato cha nne na cha sita, wazee hutujia na maswali ya vyuo. Siku hizi limezuka swali ambalo wakubwa wetu hawakuwa nalo: kijana anasema anataka kusomea kutengeneza gemu za simu na kompyuta. Mzazi wa Rungwe ana chai au parachichi, wa Mufindi ana miti yake ya mbao, na ada itatoka hapo hapo. Je, akate miti kwa ajili ya gemu? Tumeona tulijibu kwa upana, kwa sababu anayesema "huo ni upuuzi" na anayesema "mwacheni mtoto afuate anachopenda" wote wawili wanaweza kuitia familia hasara.

Kwanza tuelewane gemu ni kitu gani. Tuchukue bao la kete, ambalo wazee wetu wanalijua. Lina mashimo 32 na kete 64, nusu kwa kila mchezaji. Mchezo ukianza, kila mmoja ana kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kuna shimo linaloitwa nyumba, na lina sheria zake. Hakuna mchoro, hakuna umeme, wala sauti, lakini watu hukaa juu yake tangu alasiri hadi adhana ya magharibi. Kinachowashika ni sheria. Aliyepanga kwamba kete za mkononi ziwe 22 alifanya kazi ile ile anayoifanya mtengenezaji wa gemu: kupanga sheria ili mchezo usiwe mwepesi mno wala mgumu mno. Programu na picha za kwenye simu huja baada ya hapo.

Hapa wazee hutuuliza: "Si ndiyo kamari hiyo?" Swali lina haki yake, na sehemu ya kosa ni ya lugha. Kiingereza hutumia neno moja kwa gemu za watoto na kwa kamari, na ndiyo maana Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inayosimamia kubeti na kasino, kwa Kiingereza ina jina ambalo kijana anaweza kudhani ni la gemu zake. Hukumu ya kamari imo katika Suurat Al-Maaida, aya ya 90, na haina mjadala. Lakini mwanafunzi ajue kwamba mpaka huu haulindwi na jina la kozi. Zipo gemu, hata za mpira, ambazo humuuzia mtoto sanduku lililofungwa kwa fedha halisi bila kumwambia lina nini ndani. Ubelgiji iliona mwaka 2018 kwamba masanduku hayo ni kamari na ikayazuia. Anayeajiriwa huenda akaambiwa ayatengeneze. Basi aamue kabla ya kuajiriwa, si siku ya kuambiwa. Ama kuhusu kuchora viumbe wenye roho, wanazuoni wametofautiana, na kila mmoja amuulize ustadhi wake.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Kijana akidhani kwamba kujua kucheza ni kujua kutengeneza, atashangaa wiki ya kwanza. Chukua jambo dogo: mtu kwenye kioo cha simu anaruka shimo. Kompyuta hukokotoa pale alipo pengine mara 60 kwa sekunde. Kila mara huongeza mwendo wake kwenye mahali alipokuwa, kisha hupunguza mwendo wa kwenda juu kidogo, kama dunia inavyovuta jiwe lililorushwa. Hiyo ni fizikia ya sekondari. Kugeuka kwake ni pembe, na adui kutokea mara moja katika mara tano ni hesabu ya uwezekano. Hisabati ndiyo somo ambalo ufaulu wake kidato cha nne umekuwa wa chini kwa miaka mingi, na ndilo mlango wa kazi hii. Anayeikimbia Hisabati asijidanganye kwamba gemu zitamficha.

Je, kuna faida ya kweli mwisho wa safari? Tutoe mfano wa hapa nchini. Mwaka 2014 yalitangazwa mashindano ya kimataifa ya Global Learning XPRIZE, yenye zawadi za jumla ya dola milioni 15: nani atatengeneza programu ya kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu? Majaribio yalifanyika mkoani Tanga, katika vijiji 170, kwa watoto wapatao 2,700 waliopewa kompyuta ndogo za kugusa zenye masomo kwa Kiswahili. Kabla ya hapo, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Washindi wawili walitangazwa Mei 2019, na mmoja wao ni Kitkit School, iliyotengenezwa na kampuni ya Enuma. Waasisi wake, Sooinn Lee na mumewe Gunho Lee, walikuwa watengenezaji wa gemu huko Korea Kusini. Ufundi ule ule unaomfanya mtoto asiiache gemu waliutumia kumfanya asiache kusoma. Ila tuseme wazi: mtoto alikuwa wetu na lugha yetu, lakini kampuni ilikuwa ya wengine.

Mfano wa pili ni wa mtu aliyeanza bila chuo chochote. Lual Mayen, ambaye wazazi wake walikimbia vita vya Sudan Kusini, alilelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu, akipata fedha kwa kushona nguo, mpaka zikafika dola 300 za kununua kompyuta. Kijana alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu ya mkimbizi anayekimbia vita akihitaji maji, chakula na dawa, na akaiita kwa neno letu la maamkizi: Salaam. Baadaye alifungua kampuni yake Marekani. Vijana huipenda sana habari hii, nasi pia. Lakini mzazi aisome vizuri: aliyefika hapo alikuwa amekwisha kufanya kazi kabla hajapata msaada wa mtu.

Kwa hiyo chuo ni cha nini? Kwa maoni yetu, mwanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini asiende kutafuta jina la gemu kwenye cheti. Nairobi ipo ADMI, inayofundisha fani hii, lakini ada, nauli na makazi ya ugenini si jambo dogo. Hapa Mbeya kuna MUST, chuo kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, chenye masomo ya kompyuta. Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa na RUCU, ambavyo vimeanzishwa na makanisa lakini hupokea wanafunzi wa dini zote. Anayependa upande wa picha na katuni aangalie UDOM, Dodoma, kwenye shahada ya teknolojia ya medianuwai na uhuishaji. Mwenye shahada ya kompyuta, gemu zikikataa, anaweza kutafuta kazi benki, hospitali au halmashauri. Mwenye cheti cha gemu peke yake ana mlango mmoja, na mlango huo hutikisika: mwaka 2023 kampuni za gemu duniani zilipunguza wafanyakazi wanaokadiriwa kuzidi 10,000. Na mkopo wa Bodi ya Mikopo si sadaka. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe.

Shahada hiyo hiyo bila gemu iliyokamilika haitoshi. Programu ya Godot ni bure kabisa tangu mwaka 2014, na huendeshwa hata na kompyuta isiyo na nguvu nyingi. Kuandikishwa kuweka gemu kwenye duka la Google ni dola 25, mara moja tu.

Tunawashauri wazazi hivi: kabla ya kukata miti, mpeni kijana miezi mitatu ya likizo na kompyuta ya kuazima. Atengeneze gemu moja ndogo, hata ya bao, aimalize, awape wadogo zake waicheze bila yeye kuwaeleza lolote. Wakikwama, arekebishe. Akifika mwisho, muende naye chuoni mkaulize ada.

Wabillahi tawfiq.