Mtoto wa Jicho na Glakoma: Upasuaji Mmoja kwa Maradhi Mawili

Mzee anayeshikwa mkono na mjukuu wake hadi kliniki ya macho huwa na ombi moja: aondolewe ukungu. Mara nyingi ukungu huo ni mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyopoteza uangavu wake, hasa kwa sababu ya umri. Lakini katika baadhi ya macho kuna ugonjwa wa pili uliojificha nyuma ya ule wa kwanza: glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Mgonjwa wa namna hii anaweza kufanyiwa upasuaji wa maradhi yote mawili kwa wakati mmoja. Hata hivyo, yeye na wanaomhudumia hawana budi kuelewa mapema upasuaji huo unarudisha nini, na nini hauwezi kurudisha.

Maradhi yenye tabia tofauti

Mtoto wa jicho huziba njia ya mwanga. Lenzi hiyo ikitolewa na ya bandia ikawekwa mahali pake, mwanga hupita tena. Glakoma hufanya kazi nyingine. Ndani ya jicho hutengenezwa majimaji yanayopaswa kutoka kupitia vijia vyembamba. Vijia visipoyapitisha vizuri, shinikizo hupanda na kuharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Kwa kawaida madhara hayo huja polepole, bila maumivu, yakianzia pembezoni mwa upeo wa kuona.

Kwa hiyo, kilichochukuliwa na mtoto wa jicho hurudishwa. Kilichochukuliwa na glakoma hakirudi, bali kilichosalia ndicho hulindwa. Wala glakoma si ugonjwa adimu kwetu. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000 uliikuta kwa takriban watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi.

Tochi ya mhudumu wa afya

Mtoto wa jicho peke yake, hata awe mweupe kabisa, hazuii mboni kusinyaa inapomulikwa. Katika chumba chenye mwanga hafifu, mhudumu amulike jicho moja, kisha ahamishie tochi upesi kwenye jicho la pili, akirudia mara kadhaa. Mboni ikitanuka badala ya kusinyaa, mshipa wa fahamu wa jicho hilo unatiliwa shaka. Iwapo macho yote mawili yameharibika kwa kiwango sawa, kipimo hiki kinaweza kupotosha. Hivyo shinikizo la jicho lipimwe kwa kila mgonjwa kabla ya kuambiwa kwamba upasuaji utamrudishia kuona.

Upasuaji wenyewe

Kwa njia iliyozoeleka, jicho hutiwa ganzi bila mgonjwa kulazwa usingizi. Daktari hutoa lenzi yenye ukungu na kuweka ya bandia. Katika upasuaji huo huo hufungua kijilango kidogo kwenye ukuta mweupe wa jicho, sehemu inayofunikwa na kope la juu. Majimaji hupenya hapo polepole, hukusanyika chini ya utando wa jicho kama lengelenge dogo, kisha hufyonzwa na mwili. Mbinu ya kijilango hiki ilielezwa na John Cairns wa Uingereza mwaka 1968. Siku hizi hupakwa pia dawa ya kupunguza kovu ili njia isizibe.

Faida yake ni ganzi moja, nauli moja na kipindi kimoja cha kuuguza kidonda. Tena, shinikizo linaweza kupanda ghafla katika siku za kwanza baada ya kutolewa mtoto wa jicho peke yake, jambo la hatari kwa mshipa uliokwisha kudhoofika. Kijilango hupunguza hatari hiyo.

Hata hivyo, si kila mgonjwa anaufaa. Ambaye glakoma yake ni changa na imetulia kwa dawa ya matone anaweza kutolewa mtoto wa jicho tu. Ambaye shinikizo lake liko juu sana na mshipa umeharibika mno huenda akafunguliwa kijilango kwanza, kwa kuwa kikifunguliwa peke yake mara nyingi hushusha shinikizo zaidi.

Baada ya kurudi nyumbani

Hapa ndipo matunda ya upasuaji hupotea. Mgonjwa aliyeanza kuona vizuri hudhani amepona, akaacha kliniki. Kovu likaziba kijilango naye asihisi lolote. Mwingine haoni kama alivyotarajia, akadhani daktari amekosea, kumbe glakoma ilikuwa imetangulia. Wote wawili walihitaji maelezo yale yale kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Matone ya kutuliza uvimbe hutumika kwa wiki kadhaa, kama daktari atakavyoelekeza. Dawa ya glakoma ya jicho la pili isiachwe. Jicho lisisuguliwe. Likiwa jekundu, likiuma, likitoa usaha au likififia, mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni miaka mingi tangu afanyiwe upasuaji, kwa maana vijidudu vinaweza kuingia kupitia lengelenge lile. Kupima shinikizo ni kwa maisha yote.

Na mjukuu aliyemshika mzee mkono apewe ujumbe wa kupeleka nyumbani: glakoma hufuata ukoo. Ndugu na watoto wa mgonjwa, hasa waliofikisha miaka 40, wapimwe macho wangali wanaona vizuri.