Je, mtoto hurithi laana ya ukoo?

Ukivuka Mto Kilombero kutoka Ifakara, barabara inakupandisha hadi Mahenge. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya wagonjwa wa kifafa. Aliwakuta wametengwa. Baadhi yao walikuwa na makovu ya moto, kwa sababu mgonjwa akianguka jikoni watu waliogopa kumgusa. Wapo walioamini kuwa ni pepo, au adhabu kwa kosa la ukoo.

Hata leo mama akijifungua mtoto mgonjwa, minong'ono huanza, na wakati mwingine huanzia nje ya mlango wa kanisa: “Wazazi wake walifanya nini?” Wengine huitetea kwa mafundisho ya dhambi ya asili. Je, wako sahihi?

Tuanze na roho yenyewe: inatoka wapi? Tertullian wa Karthago alifundisha kwamba hutoka kwa wazazi pamoja na mwili, kama chipukizi la mgomba litokavyo kwenye shina. Walutheri wengi walifuata njia hiyo. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba kila roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Mtakatifu Augustino aliona ugumu: kama Mungu huiumba roho upya, dhambi ya Adamu inamfikiaje mtoto mchanga? Mwaka 415 alimwandikia Mtakatifu Yeronimo kuuliza hilo. Alifariki mwaka 430 bila kupata jibu la kumtosheleza.

Kama mwalimu mkubwa hivyo aliungama kwamba hajui, sisi tunapata wapi ujasiri wa kueleza roho ya mtoto wa jirani?

Makanisa hutofautiana pia juu ya kile tunachorithi. Wakatoliki husema dhambi ya asili ni hali tunayozaliwa nayo, si kosa alilotenda mtoto. Waorthodoksi hukazia kwamba tumerithi kifo na udhaifu, si hatia ya Adamu. Waprotestanti wengi husema hatia nayo imetufikia. Lakini wote husoma Warumi 5, na hapo anayetajwa ni Adamu, si babu yake fulani. Padri yumo, mchungaji yumo, na mwenye watoto wenye afya yumo. Fundisho linalotuweka sote kundi moja haliwezi kuwa fimbo ya kuichapia nyumba moja.

Utaniuliza, na Kutoka 20:5 je? Ni kweli, maovu ya wazazi huwaumiza watoto. Baba akiuza shamba la mpunga kwa ajili ya pombe, wanawe watalala njaa. Hayo ni maumivu, si hatia. Ezekieli 18 inakataa mwana kubeba uovu wa baba yake. Na katika Yohana 9, wanafunzi walipotaka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya yule mtu azaliwe kipofu, Yesu aliikataa hesabu hiyo, kisha akamponya.

Huko Mahenge, watafiti wamehusisha kifafa na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Kinga yake ipo, na kifafa kina dawa.

Basi leo, baada ya ibada, mtafute mama yule anayekaa peke yake benchi la nyuma. Mpokee mtoto, umpakate. Muulize siku ya kliniki ni lini, umsindikize.

Jumapili njema.