Deni la Mwenzetu Aliyetangulia



Tulimswalia baada ya alasiri katika Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji la Nairobi, na kabla ya magharibi tulikuwa tumekwisha kumzika katika makaburi ya Waislamu ya Kariakor. Nilisoma naye chuo kimoja huko Lamu, tukilala chumba kimoja na kula sinia moja. Jina lake silitaji, kwa kuwa nitakayoyasema yanamgusa mjane wake.

Makaburini kila mmoja wetu alikuwa na la kumsifu. Huyu alitaja sauti yake ya kuadhini, yule ukarimu wake. Mimi nilinyamaza, kwani nilikumbuka jambo jengine. Mwaka 1994, nilipokuwa nikianza maisha Nairobi bila ya kodi ya chumba, alinikopesha shilingi 2,000. Hatukuandika, wala hapakuwa na shahidi. Niliahidi kumlipa mwisho wa mwezi. Miezi ikawa miaka. Tukikutana msikitini tukisalimiana na kuulizana hali za watoto, naye hakunikumbusha hata siku moja. Ukimya wake nikaufanya msamaha.

Wasomaji wanakijua kisa cha Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alipoletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni bila ya kuacha cha kulilipia. Alijizuia kumswalia, akawaachia masahaba wamswalie, mpaka Abu Qatada, radhi za Allah ziwe juu yake, alipojitwika deni lile. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya maiti asiye na kitu, sisi tulio hai na wenye kipato tuna udhuru gani?

Baada ya siku kumi tulipanda matatu namba 46, mimi na mke wangu, hadi Kawangware, upande wa magharibi wa jiji. Shemeji yumo edani, miezi minne na siku kumi. Kwa hivyo mke wangu aliingia ndani, nami nikaketi ukumbini na kijana wake mkubwa. Nilipoeleza lililonipeleka, shemeji alinijibu kutoka nyuma ya pazia.

"Sheikh, wanaomdai marehemu wamekuja wote: mwenye duka, fundi aliyeezeka paa, hata aliyemuuzia mbao. Wewe ndiye wa kwanza kuja kuniambia kuwa alikuwa akikudai."

Niliinamisha kichwa. Nawajua wenzetu wawili wengine aliowakopesha, na wote walikuwapo maziko.

Pesa nilikuwa nimezitia katika bahasha, na kabla hatujabisha hodi mke wangu alinionya: "Usije ukasema ni sadaka. Sadaka ni yako kutoa. Hizi ni zao." Alisema kweli. Mali anayodai maiti huingia katika tirka yake. Hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni yake, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki hugawiwa warithi. Mjane ana thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Mdaiwa hana hiari ya kuchagua ampe nani. Basi nilizikabidhi shilingi 2,000 mbele ya mama na mwanawe, zikaandikwa kuwa ni deni. Nilichoongeza nilikitaja mbali kuwa ni hadiya, kisha nikaomba radhi kwa kuchelewa.

Enyi kina mama, waulizeni waume zenu wangali hai: tunadaiwa na nani, na tunamdai nani? Yaandikeni yote mawili katika daftari moja. Hilo si kukosa kuaminiana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, imeshuka kwa ajili ya kuandika deni. Na nyinyi wanaume wenzangu, mkipata habari ya kifo cha mwenzenu wa chuo, jikagueni kabla hamjaanza kusimulia sifa zake.

Wale wawili nimewapigia simu. Mmoja amekwenda Kawangware. Wa pili angali akisema kuwa alisamehewa. Huenda ni kweli, lakini aliyesamehe hayupo tena wa kuulizwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu ndugu yetu, ailaze roho yake pema, awahifadhi mjane na mayatima wake, na atuwafikishe kulipa kabla ya kulipishwa. Amin.