Kuacha ni Siku Saba, Kukaa ni Kazi ya Umri

Wanaosema kwamba mbwia unga haachi wanakosea. Mbwia unga huacha. Muulize mama yeyote wa Mombasa, Malindi au Lamu ambaye mwanawe amepatwa na balaa hilo, atakwambia ameacha mara tatu, mara tano, mara kumi. Lililo zito ni kukaa baada ya kuacha. Nami leo, ndugu msomaji, nataka tulizungumze hilo la kukaa, maana huko ndiko vijana wetu wanakotufia.

Mtu akikatiza unga, arosto humshika baada ya saa chache: miayo, kamasi, mifupa kuuma, kutapika, kuhara, usingizi kuruka. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kabisa. Kufikia ya saba au ya kumi, aghalabu mwili umetulia. Hapo nyumbani watu hushukuru, ubani ukafukizwa, na majirani wakasema, "Alhamdulillahi, kijana amepona." La, hajapona. Amevuka mlango wa bandari tu. Bahari bado iko mbele yake.

Matabibu wa leo wanauhesabu uraibu kuwa ni maradhi ya ubongo yenye tabia ya kurudi, mfano wa kidonda ndugu: leo kimekauka, kesho kimechimbuka. Unga humzoesha mtu raha kubwa ya kutoka nje, hata zile raha ndogo tulizojaaliwa, kama vile chakula kitamu, mazungumzo ya barazani na mtoto kumkimbilia babake mlangoni, zikawa hazimkolei tena. Hali hiyo haiondoki pamoja na arosto. Huchukua miezi, na kwa wengine miaka. Muda wote huo moyo wake ni mzito, na kila kitu humkumbusha: kichochoro fulani, mwenzake wa zamani, hata noti iliyomo mkononi.

Pana hatari nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui. Mwili uliokaa wiki mbili tatu bila unga husahau kuuhimili. Basi aliyetoka rumande au katika nyumba ya kurekebishia tabia, akateleza siku moja tu na kutumia kipimo chake cha zamani, pumzi humkatika. Ndiyo maana mara nyingine twamzika kijana siku chache tu baada ya kusikia kwamba ameacha.

Tiba ipo. Serikali ilianza kutoa methadoni mwezi wa Disemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka wa 2015 ikafika Malindi na Kisauni. Dawa hii hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kipimo kikiwa sawa, humzuilia mtu arosto siku nzima bila ya kumlevya, akapata utulivu wa kutafuta riziki. Nimewasikia watu wakinong'ona barazani, "Ati wamebadilishiwa ulevi tu." Nami huwauliza: mwenye kisukari anayejidunga sindano kila siku, naye ni mraibu wa sindano? Taabu ya dawa hii iko kwingine. Mtu sharti aende kituoni kila siku, nauli itoke mfukoni, na kibarua kinachoanza alfajiri hakimsubiri.

Sisi tuliosoma chuoni twajua jinsi tembo lilivyoharamishwa. Waarabu wa zama zile walilizoea, na katazo halikuwashukia kwa siku moja. Aya ya 219 ya Suratul-Baqara ilibainisha kwamba dhambi yake imeshinda manufaa yake. Kisha aya ya 43 ya Suratun-Nisaa ikawakataza kuikaribia sala hali ya kuwa wamelewa. Ndipo aya ya 90 ya Suratul-Maida ikakata shauri moja kwa moja. Sisemi kwamba leo haramu imelegezwa. Haramu ni haramu. Nasema kwamba Mola aliyemuumba mja anaujua uzito wa mazoea yake. Sisi ni nani, basi, hata tumtake kijana apone kati ya Ijumaa na Ijumaa?

Na sisi mtaani tuna sehemu yetu. Kijana ameacha mwaka mzima, lakini bado jina lake ni teja. Ndara zikipotea msikitini, macho yote ni kwake. Akiomba kazi, huambiwa arudi kesho. Akipeleka posa, hurudishwa. Mwanamke hali yake ni mbaya zaidi, maana jamaa humficha kwa kuogopa aibu, na tiba ikampita mlangoni. Mwisho wake mtu hurudi maskani, kwani huko ndiko peke yake anakoamkuliwa kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Mkono ukinyewa na mtoto haukatwi. Mwanzoni usimpe pesa. Mpe chakula, mlipie nauli, fuatana naye mpaka kituoni. Mpe kazi ndogo, akiiweza umuongezee. Ramadhani ikikaribia, mpeleke kwa tabibu na kwa shehe, wamwelekeze kuhusu dawa yake na saumu, asije akaikatiza kwa kauli za barazani. Na akiteleza, mrudishe kwenye tiba siku ile ile. Yale aliyojifunza katika miezi yake ya uzima hayakupotea, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nawaaga kwa ubeti mmoja, kama ilivyo ada yetu watu wa Pwani:

Kuacha ni siku saba, kukaa kwataka myaka,
Mlango wake wa toba, bado haujafungika,
Mpe kazi haba haba, mkono ukimshika,
Kuanguka si msiba, mwinue kwa haraka.