Simu ya Mama: Usalama wa Watoto wa Shule ya Msingi Mtandaoni



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya visima, madawati, vyandarua na mahitaji ya shule. Suala la usalama wa watoto mtandaoni tulidhani ni la watoto wa mijini, wale wenye kompyuta nyumbani na wazazi wenye kipato. Mwaka jana tuligundua kwamba tulikosea, tena kwa namna ya aibu, kwa sababu kosa lilianzia mikononi mwetu wenyewe. Tumeona ni vema tulieleze wazi ili parokia nyingine zisilirudie.

Siku ya kukabidhi madawati katika kigango kimoja tulipiga picha za watoto wa darasa la tatu na la nne. Picha zilipendeza. Tukaziweka kwenye ukurasa wetu wa Facebook pamoja na jina la kila mtoto aliyesimama mstari wa mbele, jina la shule na jina la kijiji. Chini ya picha moja tuliandika kwamba msichana huyu wa miaka 10 analelewa na mama yake peke yake na anasoma kwa msaada wa wafadhili. Nia yetu ilikuwa njema: mfadhili aone mchango wake umefika wapi.

Kaka wa msichana huyo, kijana wa sekondari, aliiona picha akafurahi, akaandika chini yake kwamba huyo ni mdogo wake. Siku chache baadaye mtu asiyemfahamu alimwandikia faraghani, akajitambulisha kuwa ni mmoja wa wafadhili wetu, akaomba namba ya mama ili atume fedha za sare. Namba ikatolewa. Mama akapokea ujumbe wa adabu sana, wenye jina la mtoto, shule yake na darasa lake. Kesho yake ziliingia shilingi elfu kumi kwenye simu. Baada ya hapo mgeni yule akaomba kuzungumza na mtoto kwa video, jioni, mtoto akiwa peke yake ili asione haya. Kisha akaomba picha ya mtoto akiwa hakuvaa sare wala nguo nyingine, eti apate vipimo vya kumshonea.

Hapo mama alishtuka. Hakujibu neno. Alichukua simu akaenda nayo kwa katekista, na katekista akatupigia. Tuliwauliza wafadhili wetu mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa ameiandikia familia hiyo. Taarifa ikapelekwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mtoto hakudhurika, na kwa hilo tunashukuru. Hata hivyo, tunajua vizuri kwamba aliyemwokoa ni mama mwenye tahadhari, wala si utaratibu wowote wa kwetu.

Mtoto hana simu, lakini yumo mtandaoni

Ushauri mwingi unaotolewa juu ya jambo hili umeandikwa kwa ajili ya nchi ambako kila mtoto ana kifaa chake. Husemwa kwamba kompyuta iwekwe sebuleni, mtoto asilale na simu chumbani, na kadhalika. Kwetu hali ni nyingine. Mtoto wa shule ya msingi kwa kawaida hana simu, na shuleni haruhusiwi kwenda nayo. Anatumia ya mama, ya baba, ya dada wa kazi, au ya mjomba aliyekuja kusalimia. Simu hiyo hiyo ndiyo yenye fedha za familia, mahesabu ya VICOBA, ujumbe wa kwaya, na vichekesho ambavyo mjomba hutumiwa na wenzake usiku. Mama anapompa mtoto simu atulie ili yeye apike, humpa vyote hivyo kwa mara moja.

Walio na umri kama wetu watakumbuka jinsi tulivyohangaika na vibanda umiza, tukiwaomba wenyeviti wa mitaa na vijiji wavifunge saa za masomo. Angalau kibanda kilikuwa na mlango, na mtu mzima aliweza kusimama mlangoni akaona nani anaingia na nani anatoka. Simu haina mlango wa namna hiyo.

Mwaka 2022 UNICEF, INTERPOL na ECPAT walitoa ripoti ya utafiti uliofanyika Tanzania juu ya unyanyasaji wa kingono wa watoto kupitia mtandao. Utafiti huo ulionyesha kwamba asilimia 67 ya watoto wenye umri wa miaka 12 hadi 17 walikuwa watumiaji wa intaneti, na kwamba asilimia 4 ya watumiaji hao walikuwa wametendewa unyanyasaji wa wazi wa aina hiyo ndani ya mwaka mmoja. Asilimia 4 ni ndogo kwa kuisikia. Lakini parokia yenye watoto 100 wa mafundisho ya kipaimara wanaotumia intaneti, kwa hesabu hiyo itakuwa na watoto 4 waliokutwa na jambo hilo, na huenda paroko, katekista na wazazi wao hawajui lolote. Ripoti hiyo inaeleza pia kwamba mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu. Hili tunaomba lisomwe mara mbili, kwa sababu katika semina zetu wazazi huuliza tu juu ya wageni wa mbali.

Mitandao mikubwa kama Facebook, Instagram na TikTok, kwa masharti yake yenyewe, haimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 13 kufungua akaunti. Kwa hiyo watoto wetu wengi wa shule ya msingi hawastahili kuwamo kabisa. Wamo kwa sababu mtoto akiulizwa mwaka wa kuzaliwa huandika wowote ule, au kwa sababu anaingia kwa akaunti ya mzazi. Hali hii ya pili ina hatari yake: anayeandika kutoka upande wa pili anajua anazungumza na mtoto, lakini mtandao unaamini kwamba mwenye akaunti ni mama wa miaka 35, na hivyo ulinzi uliowekwa kwa ajili ya watoto haufanyi kazi.

Mambo ya kufanya kwenye simu yenyewe

Tumejaribu haya katika semina za wazazi, na hata kina mama waliosema hawajui simu waliweza baada ya kuonyeshwa mara moja.

La kwanza, na ambalo limetusaidia kuliko yote, ni WhatsApp. Simu nyingi huachwa zikipakua zenyewe kila picha na video inayoingia, na kuziweka moja kwa moja mahali pa picha za familia. Mtoto akifungua kutazama picha za ubatizo wa mdogo wake, anakutana na uchafu wa mjomba. Ingieni kwenye mipangilio ya WhatsApp, zimeni upakuaji wa moja kwa moja, na zimeni pia sehemu inayoruhusu picha za WhatsApp kuonekana pamoja na picha nyingine. Humo humo, kwenye faragha, chagueni kwamba walio kwenye orodha yenu ya namba pekee ndio waweze kuwaingiza katika makundi. Faida ya pembeni ni kwamba bando nalo linadumu zaidi.

Simu nyingi za Android zina uwezo wa kubandika programu moja kwenye kioo, ili anayeitumia asiweze kutoka humo bila namba ya siri. Mzazi anafungua katuni, anaibandika, ndipo anampa mtoto. Kwenye YouTube iko sehemu ya kuzuia video zisizofaa watoto. Haichuji kila kitu, lakini inapunguza. Namba ya siri ya fedha mtoto asiijue kabisa, hata kama ndiye anayetumwa dukani.

Vifaa hivi ni sehemu ndogo ya kazi. Katika semina moja mama alisimama akasema kwa ukali kwamba dawa ni fimbo tu: mtoto akikutwa na jambo baya kwenye simu achapwe na simu asiiguse tena. Wengi walipiga makofi. Mwalimu mmoja wa darasa la tano akauliza swali ambalo lilinyamazisha ukumbi: kesho mtu akimwandikia mtoto huyo maneno machafu, atamwambia nani? Mtoto anayejua kwamba atapigwa kwa alichotumiwa na mtu mwingine hatasema. Na mtu mwenye nia mbaya ndicho anachokitegemea. Humpa mtoto vocha, humsifia, kisha humwambia, "Usimwambie mama, atakuchapa." Akishapata picha moja, hiyo hiyo huigeuza kuwa tishio la kudai nyingine. Mtoto anayefahamu kuwa nyumbani atasikilizwa kabla ya kuhukumiwa, huyo ni vigumu kumfungia mdomo.

Likishatokea

Msifute chochote kwanza. Hasira humfanya mzazi afute ujumbe wote, na ushahidi ukapotea. Andikeni pembeni jina la akaunti, namba ya simu, siku na saa. Msilipe fedha zinazodaiwa kwa vitisho. Kama kuna picha ya mtoto ya aibu, msiitume kwa mtu yeyote, hata kwa mwenyekiti wa kamati, hata kwa paroko, hata kwa lengo la kuomba msaada. Kusambaza picha ya namna hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na zaidi ya sheria, kila anayeongezeka kuiona anamwongezea mtoto jeraha. Pelekeni simu yenyewe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa ushauri, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Kama mtuhumiwa ni mtu wetu, yaani mwalimu, kiongozi wa kwaya au mjumbe wa kamati, hatua ni hizo hizo. Kamati isiketi kusuluhisha. Tunaandika hivi kwa sababu tumeshaombwa kusuluhisha, na tulikataa.

Picha zetu na wafadhili wetu

Sasa turudi kwenye kosa letu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inazihusu pia taasisi kama yetu zinazokusanya majina, picha na habari za watu. Lakini hata pasipo sheria tungebadilika. Tumeondoa mtandaoni picha zote za zamani zenye majina ya watoto. Ilichukua wiki tatu, na tunafahamu kwamba zile zilizokwisha kunakiliwa na wengine hatuwezi kuzirudisha.

Tangu sasa hatutaandika jina la mtoto pamoja na picha yake, wala jina la shule au kijiji chake. Kabla ya kupiga picha tutamwomba mzazi idhini kwa maandishi, tukimweleza itakwenda wapi, na mtoto naye ataulizwa; akikataa, basi. Hatutapiga picha ya mtoto aliye nusu uchi au anayelia, hata kama ndiyo inayogusa moyo wa mtoaji. Tunaziomba kamati za parokia zifuate utaratibu huo huo kwenye makundi yao ya WhatsApp, hasa siku za komunyo ya kwanza na mahafali ya darasa la saba, ambapo picha mia mbili husambaa kabla misa haijaisha. Wapiga picha watakaotumia simu wakumbuke pia kwamba simu huweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa; kwenye mipangilio ya kamera sehemu hiyo huzimwa.

Kwa wafadhili, mawasiliano yote na mtoto au familia yatapitia ofisini. Mfadhili akiombwa urafiki mtandaoni na mtu anayejiita mtoto wake wa kusomesha, asikubali, atuarifu. Na familia zote zimeelezwa kwamba hakuna mfadhili wa kweli atakayewaandikia moja kwa moja.

Tunajua uamuzi huu una gharama. Picha ya mtoto mwenye jina na hadithi yake huchangisha zaidi kuliko picha ya dawati. Robo iliyopita michango ya madawati ilipungua, na hatuna hakika kama sababu ni hii au ni hali ya uchumi. Mfadhili mmoja wa miaka mingi alituandikia kwa masikitiko kwamba hawezi kumwombea mtoto asiye na jina. Tulilitafakari neno lake, maana lilikuwa la haki. Tumeamua kwamba kila mfadhili wa mtoto, mzazi akiridhia, atapelekewa jina la ubatizo peke yake, kwa barua, si kwa mtandao wala kwa gazeti hili.

Fomu za idhini zimetumwa kwa makatibu wa kamati pamoja na toleo hili, nakala hamsini kwa kila parokia. Zikipungua, zitolewe nakala. Picha iliyoko ukurasa wa nyuma ni ya darasa jipya la la pili tulilomaliza kuezeka. Watoto wameketi wakitazama ubao, na tumewapiga kwa nyuma.