Siyanobakteria wa Jangwani: Hazina Chini ya Jiwe

Katika jangwa la Namib, kusini-magharibi mwa Afrika, ziko tambarare za kokoto ambako mvua ni adimu mno. Mtu akitupa macho huko haoni mti wala jani. Lakini akigeuza jiwe jeupe la aina ya kwatzi, mara nyingi ataona upande wa chini umetanda rangi ya kijani. Rangi hiyo ni uhai.

Viumbe hao huitwa siyanobakteria. Zamani walihesabiwa kuwa miani, wakaitwa miani ya kijani-buluu. Lakini seli zao hazina kiini, na kwa sababu hiyo siku hizi huwekwa katika kundi la bakteria. Hata hivyo, hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua na kutoa oksijeni, kama ifanyavyo mimea. Jiwe huwapitishia nuru kiasi, huwakinga na jua kali, na huwahifadhia unyevu wa ukungu utokao baharini.

Aina zao

Aina za jangwani ni nyingi. Chroococcidiopsis hukaa chini ya mawe na hata ndani yake. Katika jangwa la Atacama, nchini Chile, siyanobakteria huonekana hata ndani ya mabonge ya chumvi. Microcoleus ni nyuzi nyembamba zinazogandamanisha chembe za mchanga zikawa utando, upepo usiweze kuzipeperusha. Nostoc huchukua nitrojeni ya hewani na kurutubisha udongo. Uvumilivu wake ni wa ajabu: mwaka 1941 ilitangazwa kwamba sampuli kavu ya Nostoc, iliyohifadhiwa kwa miaka 87, ilitiwa maji ikaanza kukua tena.

Dawa na sumu

Kiumbe asiyeweza kukimbia adui hujikinga kwa kemikali. Baadhi ya siyanobakteria hutengeneza skitonemini, rangi ya kahawia inayozuia mionzi ya urujuanimno ya jua. Katika maabara, rangi hiyo imeonekana kuzuia baadhi ya seli za binadamu zisiongezeke, jambo linalowavutia watafiti wa saratani. Mwaka 1997 ilitangazwa protini iitwayo siyanovirini, iliyopatikana katika aina moja ya Nostoc, ambayo huvizuia virusi vya UKIMWI visiingie katika seli. Lakini kutoka maabara hadi hospitali ni safari ndefu, na vitu hivyo viwili bado havijawa dawa.

Tena, si kila kemikali yao ni ya heri. Katika utando wa jangwa la Qatar wataalamu wamekuta sumu, mojawapo ikiwa ya kudhuru ini. Kwa hiyo mtu asithubutu kuwala viumbe hawa akidhani anajitibu.

Hatari inayowakabili

Utando wa jangwani huvunjika kwa gurudumu moja la gari au kwa kwato za mifugo, na huenda ukahitaji miaka mingi kurejea. Unapotoweka, mchanga hupeperuka, na pengine hupotea kemikali ambayo hakuna aliyepata kuichunguza.

Mwalimu aweza kulianza somo hili karibu na shule. Baada ya mvua, wanafunzi watafute utando wa kijani-nyeusi juu ya udongo au mwamba, wachukue kipande kidogo tu, wakiweke chini ya hadubini, kisha wanawe mikono. Huenda wakaona nyuzi zilizojipanga kama shanga.