Kichwa cha Mtoto Kipimwe Kabla ya Sindano ya Tatu

Mama wa Kikima anayepanda kilima cha Mbooni na mtoto mgongoni anazijua vizuri tarehe za chanjo: wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hizo ndizo pia siku bora za kugundua kama mifupa ya fuvu la mtoto imeungana mapema.

Fuvu la mtoto mchanga ni vipande kadhaa vilivyoachiana nafasi kwenye maungio, utosi ukiwa laini. Nafasi hiyo ina kazi. Mzingo wa kichwa, kama sentimita 35 siku ya kuzaliwa, hufika karibu 46 mtoto akitimiza mwaka, kwa sababu ubongo unausukuma mfupa kutoka ndani. Lakini kwa mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 2,500 hivi, ungio fulani hufunga kabla ya wakati. Mwaka 1851, daktari Mjerumani Rudolf Virchow alieleza kinachofuata: fuvu likizuiwa upande mmoja hukimbilia mwingine. Likifunga ungio la katikati ya utosi, kichwa huwa chembamba na kurefuka kuelekea kisogoni. Kwa wengine ubongo hubanwa, na macho na akili huwa hatarini.

Nyanya hukanda kichwa kwa mafuta, na ni kwa mapenzi, ila mfupa ulioungana haufunguki kwa kukandwa. Wala si kila kichwa kilichobonyea kinahitaji kisu; mtoto anayelalia upande mmoja siku zote hubonyea kisogo, na kumbadilisha mikao kwa kawaida hutosha.

Kwa mfupa ulioungana, dawa ni upasuaji. Miaka ya 1990, madaktari Jimenez na Barone wa Marekani walianza kuondoa ukanda wa mfupa huo kupitia mipasuko midogo, wakiongozwa na kamera nyembamba, kisha mtoto akavalishwa kofia ngumu kwa miezi kadhaa. Utando unaofunika ubongo wa mtoto mchanga hutengeneza mfupa mpya, kwa hiyo pengo hujaa. Njia hii hufaa zaidi mtoto akiwa na miezi mitatu hivi. Akichelewa, upasuaji huwa mkubwa zaidi na damu humwagika zaidi, na mtoto wa kilo 6 damu yake yote haijazi chupa ya nusu lita.

Kwa hiyo, mama, ukifika kliniki omba kichwa kipimwe kwa utepe, kipimo kiandikwe kwenye kijitabu, na muuguzi apapase maungio. Akihisi tuta gumu juu ya ungio, omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Kenyatta au Kijabe, kwa madaktari wa upasuaji wa ubongo. Usikubali kuambiwa kitanyooka chenyewe kabla hakijapimwa.